Fungua Kizimba Leo!

Wewe unayefuga kuku wa mayai Mangobo, wewe wa Kabondo, wewe uliye ng'ambo ya mto kule Lubunga: weka chini hiyo karatasi ya bei ya vizimba, unisikilize! Pesa hujatoa bado. Fundi hajafika bado. Waya haujafungwa bado. Geuka ungali unaweza kugeuka!

Usiniambie hujui. Unajua!

Ulikulia uani kwa bibi yako, na kuku wake uliwaona wakiparua tangu alfajiri. Uliwaona wakijichimbia shimo la vumbi chini ya mwembe, wakijirushia udongo mgongoni, wakasimama na kujikung'uta. Ulimwona mtetea akizunguka nyumba nzima, akichungulia chini ya kitanda, akichungulia nyuma ya mitungi, akichungulia ndani ya kapu kuukuu, hata akapata pa kutagia. Bibi alimwachia kapu lile. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kwamba kuku anahitaji kiota. Alimtazama tu, akaelewa.

Nawe ulitazama. Ulielewa. Mbona sasa unajifanya mgeni?

Utaniambia: wale walikuwa kuku wa kienyeji, hawa wangu ni wa kizungu. Haya, sikiliza! Ni kweli wataalamu wa mbegu wamembadilisha kuku. Wamemwongezea mayai, wamempunguzia hamu ya kuatamia, wamemfanya aanze kutaga mapema. Lakini hamu ya kuparua hawakuiondoa. Hamu ya vumbi hawakuiondoa. Hamu ya kiota hawakuiondoa! Kifaranga uliyemnunua akiwa wa siku moja, hajawahi kumwona mama yake wala ua wa mtu yeyote, anazaliwa nazo zote tatu, na atakufa nazo.

Tupime basi. Chukua utepe wa fundi cherehani.

Vizimba vile vya waya vya ngazi tatu tatu, vinavyouzwa leo Nairobi na Kampala na Dar es Salaam, na ambavyo barabara ya Komanda na Bafwasende haitachelewa kutuletea, vimegawanywa vyumba vyumba. Chukua chumba cha sentimita 45 kwa 40. Tia kuku wanne. Zidisha, kisha gawanya. Kila mmoja amebaki na sentimita za mraba 450. Sasa chukua karatasi ya kawaida, ile wanayotumia vijana wa fotokopi mjini Makiso. Ile ina sentimita za mraba zaidi ya 620. Kuku wako hapati hata karatasi! Ikate zaidi ya robo, hicho kilichobaki ndicho chake. Hapo atasimama. Hapo atakula. Hapo atalala, atataga, atakunya, ataugua, usiku na mchana, mwaka wa kwanza wote na sehemu ya mwaka wa pili, mpaka siku utakapomvuta kwa mguu umpeleke sokoni.

Mwaka 1989, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Oxford, Marian Dawkins, pamoja na mwenzake, walichapisha vipimo ambavyo kila mfugaji angepaswa kuvijua kwa moyo. Waliwapiga kuku picha kutoka juu wakifanya kila wanachofanya, wakapima nafasi inayofunikwa na mwili. Kusimama tu, kwa wastani: sentimita za mraba 475. Kunyoosha bawa: 893. Kujisafisha manyoya: 1,151. Kugeuka: 1,272. Kupiga mabawa: 1,876.

Soma tena! Kusimama tu ni 475. Wewe unampa 450. Hujafika hata kwenye kusimama! Humo ndani hatageuka bila kumkanyaga mwenzake. Hatanyoosha bawa bila kumpiga mwenzake usoni. Kupiga mabawa asahau kabisa, asahau maisha yake yote.

Na mwaka 1999, majaji wa Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mjini Karlsruhe, walifanya tarehe 6 Julai jambo ambalo wewe unaweza kulifanya leo kabla jua halijazama. Walitazama vipimo vya kuku aliyelala: urefu sentimita 47.6, upana 14.5. Ukizidisha unapata 690. Kanuni ya nchi yao iliruhusu 450. Majaji wakaona kilicho wazi, kwamba kuku hao hawawezi hata kulala wote kwa wakati mmoja bila kubanana. Kanuni wakaifuta!

Wao walihitaji kesi, mawakili na miaka ya kungoja. Wewe unahitaji utepe na dakika tano. Utapima lini?

Sasa njoo karibu, tuangalie mwili wenyewe, maana hapa ndipo wengi hugeuza uso.

Ganda la yai moja lina gramu mbili hivi za madini ya chokaa. Kuku wa kisasa hutaga karibu mayai 300 kwa mwaka. Chokaa yote hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye chakula, na chakula kisipotosha anaikwangua kutoka mifupani mwake. Mfupa nao hujengwa kwa kazi: kutembea, kuruka, kupiga mabawa. Mnyime kazi hizo tatu, uendelee kudai yai kila asubuhi, na mifupa itazidi kuwa myembamba mwezi baada ya mwezi. Wafugaji wa Marekani waliugundua ugonjwa huu tangu miaka ya 1950: kuku wa kizimbani anaanguka ghafla, miguu haimbebi, analala ubavu juu ya waya, maji yako mbele yake na hayafikii. Mwaka 1989, watafiti Gregory na Wilkins waliwachunguza Uingereza kuku waliokwisha kutaga na kutolewa vizimbani. Katika kila 100, kuku 29 walikuwa na mfupa uliovunjika kabla kisu hakijawagusa.

Ishirini na tisa! Wanavunjika kwa kushikwa. Wanavunjika kwa kuvutwa kwenye mlango mdogo. Wanavunjika kwa sababu kwa mwaka mzima hakuna aliyewaruhusu kutembea.

Na kiota? Hapa nakuomba usipite haraka.

Kabla ya kutaga, mtetea hushikwa na kitu kilicho na nguvu kuliko njaa. Anahangaika. Anatafuta. Anataka giza kidogo, majani kidogo, faragha kidogo. Watafiti wamemwekea vizuizi ili waone kama ataacha: mlango mzito wa kusukuma kwa kifua, upenyo mwembamba wa kujipenyeza. Haachi! Anasukuma mpaka upite mwili wake. Sasa mtie kizimbani. Anapiga hatua moja, anagonga waya. Anajaribu tena, anagonga mwenzake. Anajaribu kujiingiza chini ya matumbo ya wenziwe, kwa kuwa hapo ndipo penye giza pekee. Halafu yai linatoka juu ya waya wenye mteremko, linabingirika na kwenda mbali naye. Kesho hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Karibu mara 300 kwa mwaka mwili unamwambia tafuta, na karibu mara 300 hakuna cha kupata!

Na vumbi? Kuku aliye huru huoga vumbi kila baada ya siku mbili hivi, karibu nusu saa nzima. Wa kizimbani huchuchumaa juu ya waya mtupu, hutikisa mabawa yaliyobanwa, hujirushia mgongoni vumbi ambalo halipo. Kucha zake hurefuka na kujipinda, maana hana ardhi ya kuzisugua. Manyoya ya shingoni hukatika kwa kusuguana na waya kila anapokula. Ukimwona hivyo, usipitishe macho tu. Simama, mtazame, umjibu!

Utasema: mbona anataga? Kama angekuwa na taabu, angeacha kutaga!

Ndugu yangu, hili ndilo neno linalowalaza usingizi wafugaji wengi kuliko maneno yote, nami nakusihi uliache leo. Kuku huyu amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa jambo moja: atage hata hali iweje. Anataga akiwa na mfupa uliovunjika. Anataga akiwa hana manyoya kifuani. Anataga huku akiumaliza mwili wake mwenyewe! Yai kwenye trei linakuonyesha kwamba amekula na ameona mwanga. Halikuonyeshi zaidi ya hapo. Mjamzito anayebeba magunia bandarini, je, kujifungua kwake kunathibitisha kwamba hakuchoka?

Tena sisi tuko Kisangani! Sisi hatuko Denmark, hatuko Uholanzi. Ikweta iko karibu nasi kabisa. Joto la wastani ni nyuzi 25 mwaka mzima, mchana linafika 30 na kupita, na hewa imejaa maji ya mto na ya msitu.

Kuku hatoki jasho. Joto likimzidi ana njia tatu. Hufungua mdomo na kuhema. Hutenga mabawa na mwili ili upepo upite chini yake. Hujitenga na wenzake, akatafuta udongo wenye ubaridi. Kizimba kinamnyang'anya mbili kati ya hizo tatu! Inabaki kuhema peke yake. Naye akihema kupita kiasi, damu yake hupoteza hewa ya kaboni, chokaa haishuki vizuri kwenye ganda, na ganda linakuwa jembamba. Mayai yale yanayopasuka kwenye trei kabla hujafika soko kuu, mengine yamepasukia mdomoni mwa kuku aliyekuwa akihema.

Nyumba za vizimba za Ulaya zina feni usiku na mchana. Wewe umeme wa bwawa la Tshopo ukikatika saa saba mchana, chini ya bati, na kuku mia tano wamepangwa ngazi tatu, utawapepea kwa nini? Kwa kofia? Aliye kwenye ngazi ya juu ndiye wa kwanza kufa, maana bati liko juu ya kichwa chake. Hakuna wa kukimbilia chini ya mti. Hakuna wa kusogea mlangoni. Hakuna anayeweza kusogea hata kidogo!

Najua visingizio vyako. Nimevisikia sokoni, nimevisikia kanisani, nimevisikia kwenye mitumbwi ya kuvukia Lubunga. Vilete mbele!

Wezi! Unasema kizimba kinazuia wezi. Mwizi wa Kisangani anazuiwa na mlango wa mbao, kufuli, mbwa na jirani mwema. Mwizi aliyekwisha kuingia nyumbani mwako atafurahia kizimba: kuku wote wako mahali pamoja, hawakimbii, hawapigi kelele mbali. Funga nyumba! Mabawa ya kuku yaache.

Magonjwa! Hapa sitakuficha. Kizimba kinamtenga kuku na kinyesi chake, na hilo ni kweli. Kuku wa sakafuni hupata minyoo na kuhara damu matandiko yakilowa, na Kisangani mvua haituachi muda mrefu. Lakini dawa yake iko mikononi mwako: paa lenye upenu mrefu, matandiko makavu yanayogeuzwa mara kwa mara, vinywaji visivyomwagika. Na mdondo, ugonjwa unaofagia mtaa mzima kwa wiki moja, haujali waya. Unaingia na hewa, unaingia na viatu vyako, unaingia na kuku mgeni uliyemnunua sokoni. Kizimba hakichanji. Chanja!

Watadonoana, unasema. Ndiyo, wakisongamana watadonoana, na hata kuuana. Kwa hiyo usiwasonge! Wape cha kuparua mchana kutwa, mdomo wenye kazi hauna muda na mgongo wa jirani. Mwaga mahindi kidogo kwenye maranda asubuhi, uone.

Pesa! Tufike hapo, maana hapo ndipo moyo wako ulipo.

Waya wa vizimba unatoka mbali na unalipiwa dola. Mbao ziko hapa. Miti ya msitu wa Tshopo inapasuliwa mbele ya macho yetu kila siku, na maranda yake hutupwa au kuchomwa moto. Majani ya kuezekea yako hapa, nayo ni baridi kuliko bati. Majivu ya jikoni yako hapa, na kuku huoga majivu kwa furaha ile ile ya vumbi. Ni kweli utafuga wachache kwenye nafasi ile ile. Ni kweli kila kuku atatembea, na anayetembea anakula zaidi kidogo. Sikwambii ni bure. Nakwambia ni haki yake, na nakwambia unaweza!

Wala usiseme watoto wa Kisangani wana njaa ya mayai, kwa hiyo kuku ateseke. Watoto wana njaa, naam! Watoto wanastahili yai, naam! Lakini ni nani aliyekudanganya kwamba kuku wa sakafuni hatagi? Anataga. Wengi wanaofunga biashara ya kuku hapa mjini wanashindwa na bei ya chakula, wanashindwa na mdondo, wanashindwa na vifaranga waliofika wamechoka baada ya safari ndefu. Sijamsikia hata mmoja aliyesema: nimefilisika kwa sababu kuku wangu walinyoosha mabawa.

Tazama waliotutangulia, uone gharama ya kukawia!

Mwaka 1964 mwanamke Mwingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu kilichofungua milango ya mabanda ya vizimba mbele ya umma. Mwaka uliofuata, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ikaiambia serikali ya Uingereza kwamba mnyama wa kufugwa lazima aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. 1965! Walijua. Walikuwa na ripoti mezani. Wakaendelea kujenga vizimba! Umoja wa Ulaya ukaja kuandika amri mwaka 1999, na vizimba vitupu vikapigwa marufuku tarehe 1 Januari 2012. Kutoka kujua hadi kutenda, miaka 47. Kuku wangapi walikufa ndani ya miaka 47 ya watu wanaojua?

Na kizimba kilichoruhusiwa baada ya hapo, chenye sentimita za mraba 750 kwa kila kuku, chenye kiota na fito, bado hakimtoshi kupiga mabawa. Raia wa Ulaya karibu milioni 1.4 wakatia sahihi kudai vizimba vyote viondoke. Juni 2021 Tume ya Ulaya ikaahidi kwamba pendekezo la sheria litaletwa kabla ya 2023 kwisha. 2023 ikaisha. Pendekezo halikuja!

Hiyo ndiyo njia ya anayesema kesho. Ameshawekeza, ameshakopa, ameshajenga, na sasa kila kuku anayemtoa anaona kama anatoa jino. Wewe hujafika huko! Tshopo haijajaa vizimba. Hapa kwetu kuku wengi bado wanatembea. Tumepewa nafasi ambayo Ulaya iliitupa, tuitumie shimo likiwa bado halijachimbwa. Tanzania iliandika Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Wewe ungoje sheria ya Kinshasa ndipo umhurumie kuku aliye uani kwako?

Mkristo, nakugeukia. Yesu alipoililia Yerusalemu, kama Mathayo alivyoandika katika sura ya 23, alitafuta mfano wa upendo wake. Angeweza kumchagua simba. Angeweza kumchagua tai. Alimchagua kuku, na akataja mabawa yake, yaliyofunguliwa ili vifaranga wakimbilie chini yake. Wewe umeimba habari za mabawa hayo Jumapili. Utarudije nyumbani Jumatatu ukamfungie kuku mahali ambapo bawa halifunguki? Torati ilikataza ng'ombe anayepura nafaka kufungwa kinywa. Anayekufanyia kazi mpe nafasi!

Mwislamu, nawe unajua. Umeisikia tangu chuoni hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe, asimwache akajitafutie. Utasema, mimi kuku wangu nawalisha. Ndiyo, unawalisha. Je, umewaacha wajitafutie? Kuku aliye huru hutumia sehemu kubwa ya mchana akiparua na kudonoa, hata chombo cha chakula kikiwa kimejaa mbele yake. Kutafuta kwenyewe ni maisha yake. Umempa chakula, ukamnyima maisha!

Na wewe Mama unayeuza mayai chini ya mwavuli, na wewe Papa unayenunua trei kwa ajili ya hoteli, msikae pembeni. Uliza! Uliza kuku hawa wanaishi wapi. Uliza wako wangapi chumbani. Uliza, kisha nenda ukaone kwa macho, maana mtu hukujibu haraka lakini banda halisemi uongo. Mfugaji anayewapa kuku wake nafasi mlipe kwanza, msifu mbele ya watu, mtume wateja. Atakayeleta vizimba ajue kwamba soko la Kisangani linatazama.

Wewe kijana wa toleka, siwezi kukupita. Kuku kumi wananing'inia kwenye usukani wako, vichwa chini, kutoka vijijini hadi mjini, na jua limewapiga. Nyuma ya baiskeli yako pana nafasi ya kapu. Weka kapu! Ni jambo dogo, halihitaji mkutano, na safari ya leo jioni inatosha kuanzia.

Sasa simama, tufanye kazi.

Pima chumba chako. Katika joto letu, kuku watano kwa kila mita ya mraba, na wasizidi sita. Watano wanampa kila mmoja sentimita za mraba 2,000, nawe unakumbuka kupiga mabawa kunataka 1,876. Ndiyo sababu nasema watano! Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatosha kuku 100. Kama una 300 humo, tafuta chumba kingine au uza, lakini usiongeze hata mmoja.

Mwaga maranda makavu, yafike kina cha kiganja. Tengeneza masanduku ya kutagia kwa mbao mbovu, sentimita 30 kila upande, sanduku moja kwa kuku watano, uyaweke penye giza. Simamisha fito za kulalia, sentimita 15 kwa kila kuku, laini, zisizo na misumari. Acha kona moja ya udongo mkavu na majivu. Ukuta wa nusu uwe matofali au mbao, nusu ya juu iwe wazi upepo wa mto uingie.

Usisingizie kwamba hakuna wa kukuonyesha! Mji huu una taasisi ya kilimo ya IFA-Yangambi, una Chuo Kikuu, una vijana wanaosomea ufugaji wakipita mbele ya mlango wako na madaftari kwapani. Mwite mmoja. Mpe kiti, mpe maji, mwambie: njoo upime nami.

Na wewe ambaye vizimba unavyo tayari, usijifiche nyuma ya wenzako, naongea nawe pia. Hujachelewa! Watoe. Watoe jioni jua likishapoa, wasichanganyikiwe na joto. Usiwavute kwa mguu mmoja, mifupa yao sasa unaijua: mshike kila mmoja kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamelala ubavuni, umweke chini taratibu. Usiwakimbize. Wengine watakaa walipowekwa, hawajui kutembea; wape siku kadhaa. Fito za wiki za kwanza ziwe za chini, zisifike magotini kwako, maana kuku asiyezoea akianguka kutoka juu huvunjika kifua, na kuvunjika huko hutokea hata kwenye mabanda mazuri. Mayai watakayotaga sakafuni yaokote asubuhi na mapema, uache moja kwenye kila sanduku ili wajifunze mahali.

Maji yawe karibu, chokaa ya kome au ya maganda ya mayai yaliyopondwa iwepo kwenye chombo chake, siku zote.

Waya wa vizimba usiutupe. Ukate leo hii, uupigilie madirishani mwa banda jipya, mwizi asipenye. Nyundo unayo, misumari utapata dukani kabla hapajafungwa. Anza!